Kujaza maganda mwenyewe au kununua risasi za kiwandani? Hesabu yangu inakataa, naomba mnisahihishe

#1 Kasiba_Ndefu
Wakuu habari. Nina raifo ya bolti, kibali ninacho, na kujaza maganda nyumbani (yaani kulitia ganda lililokwisha pigwa fataki mpya ya kuwashia, baruti na kichwa) naruhusiwa kisheria, kwa hiyo hilo tuliweke kando. Mimi ni wa kulenga shabaha tu, mita 200 hadi 300, risasi kama 200 kwa mwaka. Kila nikitoka uwanjani naokota maganda yangu na kuyatia kwenye ndoo, na kila mara kuna mtu wa kuniambia natupa pesa, nijaze mwenyewe. Leo nimekaa na kalamu.

Tuchukulie risasi moja ya kiwandani bei yake ni 100, kwa pesa yoyote ile. Nikijaza mwenyewe: kichwa cha risasi 28, baruti 14, fataki 6. Jumla 48. Ganda bure kwa sababu lipo kwenye ndoo. Naokoa 52 kwa kila risasi. Lakini vifaa (presi, kalibu ya kurudishia ganda umbo, mizani, kipimio cha baruti, kifaa cha kupunguza urefu wa ganda, kitabu cha vipimo) vinakula thamani ya risasi 600 za kiwandani. 60,000 gawa kwa 52 unapata 1,154. Kwa risasi 200 kwa mwaka, ni karibu miaka 6 kabla sijaona faida.

Dai langu ni hili: kwa mtu anayepiga kidogo, kujaza maganda si kuokoa pesa. Mwenye hesabu tofauti ailete.

#2 Marisau12
Nafuatilia kwa karibu. Na mimi nina ndoo.

#3 FundiVyuma
Mkuu Kasiba, kwenye baruti umeteleza. Ratili moja ya baruti ni greni 7,000. Kwa dozi ya greni 5, kama za bastola nyingi, inatoa risasi 1,400. Kwa greni 35 inatoa 200. Raifo ya kufika mita 300 kwa raha mara nyingi inakula zaidi ya hapo. Umepiga hesabu kwa dozi gani?

La pili, ganda si bure. Kwenye risasi ya raifo ganda ndicho kipande ghali kuliko vyote. Ulipoinunua risasi ulilipia na ganda, na likichoka utalipia jingine. Chukua bei ya ganda jipya, gawa kwa idadi ya mara litakazojazwa, ongeza kwenye jumla yako.

#4 Kasiba_Ndefu
Asante Fundi. Ni kweli, nilitumia greni 35, na nikifungua kitabu naona bunduki yangu iko karibu na 45. Ratili inatoa risasi 155, si 200, kwa hiyo baruti inapanda kutoka 14 hadi 18. Ganda jipya ni 40, nikilijaza mara 8 ni 5 kwa kila risasi. Jumla mpya ni 57, naokoa 43. Vifaa vitajilipa baada ya risasi 1,395. Miaka 7. Mmenizidishia mwaka mzima!

#5 BintiShabaha
Mimi ni wa bastola, 9mm. Risasi hii imekuwepo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita na viwanda vinaimwaga kwa mamilioni, kwa hiyo ya kiwandani ni nafuu na anayejaza anaokoa kidogo, kwangu robo ya bei. Vifaa vyangu ni vya presi inayozunguka, ile ambayo kila ukivuta mkono risasi moja nzima inadondoka, na vilikuwa ghali kuliko vyako mara tatu. Bado vilijilipa ndani ya msimu mmoja, maana napiga nyingi.

Sasa sikilizeni. Kabla sijaanza kujaza nilipiga 150 kwa wiki. Nilipoanza, nikapiga 300. Kwa kipimo cha Kasiba, zamani nilitoa 15,000 kwa wiki, sasa natoa 22,500. Kila risasi ni nafuu na mfuko unatoa nusu zaidi. Sijutii hata kidogo, kwa sababu mazoezi yale ndiyo yaliyonipandisha. Ila mtu asikwambie ataokoa.

#6 Nungunungu
Hakuna aliyetaja muda. Presi ya hatua moja kama atakayonunua Kasiba: unarudisha umbo maganda yote, unayapima urefu, unayakata, unasafisha vishimo vya fataki, unatia fataki, unapima baruti ganda kwa ganda, unaketisha vichwa. Risasi 50 kwa saa kwa mtu makini, na saa hiyo haina kusafisha. Kama saa zako zina bei, hesabu imekufa. Nunua za kiwandani ukakae na familia.

#7 BintiShabaha
@Nungunungu saa zile ni zangu za kupumzika kaka. Kuna wanaoshona, kuna wanaolima bustani, hakuna anayewaambia muda wao una bei.

#8 MzeeGobori
Vijana mnahesabu pesa, mimi nawaletea sababu ambayo haimo kwenye kalamu. Nina raifo ya .303 ya Uingereza, risasi iliyoingia jeshini mwaka 1888, mwanzo ikiwa na baruti nyeusi iliyoshindiliwa. Bunduki bado inapiga kwa utulivu. Risasi za kiwandani zinakuja kama mvua za vuli, mwaka huu zipo, mwaka ujao hazipo, na zikija hujui zitarudi lini tena. Bila presi yangu bunduki ile ingekuwa pambo la ukutani. Wenye risasi kubwa za zamani za tembo na nyati ndio usiseme, pakiti moja ya 20 inauma, na huko anayejaza anaokoa sana hata kama anapiga 40 kwa mwaka.

Kwa hiyo swali la kwanza si unapiga ngapi. Ni risasi yako inapatikana?

#9 Kasiba_Ndefu
Yangu ni .308, Mzee wangu. Inapatikana.

#10 MzeeGobori
Inapatikana leo, mwanangu. Fataki nazo zilipatikana hadi 2020. Miaka miwili iliyofuata Marekani penyewe watu walipanga foleni, na waliokuwa na presi bila fataki walikaa nayo kama chuma cha kufungia mlango.

#11 Mdadisi_wa_Vipimo
Hapo Mzee umegusa jambo ambalo watu hulisema kinyume. Wanasema jaza mwenyewe uwe salama wakati wa uhaba. Lakini uhaba ukija, fataki na baruti ndizo hutangulia kutoweka, kwa sababu kiwanda kinachotengeneza fataki kitazitia kwanza kwenye risasi zake kabla ya kukuuzia wewe kwa boksi. Baruti nayo msingi wake ni nitroselulosi, inayotoka kwenye nyuzi fupi za pamba, na baruti ya mizinga inataka nitroselulosi hiyohiyo. Tangu vita ya Ukraine ilipopamba moto 2022, mahitaji ya majeshi yameibana soko zima. Anayejaza haondoki kwenye uhaba, anahama foleni tu.

#12 MzeeGobori
Kweli, ila mwenye fataki 1,000 kabatini ana risasi 1,000 hata foleni iwe ndefu. Fataki zilizotunzwa pakavu hukaa miaka mingi.

#13 Kijana_wa_Lenzi
Mbona wote mnaongelea pesa? Mimi nilianza kujaza kwa ajili ya usahihi. Risasi ya kiwandani imetengenezwa iingie kwenye chemba (pale ganda linapokaa ndani ya mtutu) ya kila bunduki ya kaliba ile, nzuri na mbovu. Ninayojaza mimi naketisha kichwa kwa urefu unaofaa mtutu wangu mmoja. Mita 100 nilikuwa napata kundi (upana wa matundu kwenye karatasi) la sentimita 4, siku ya kwanza na zangu nikapata sentimita 1.5. Huo ndio mwisho wa ubishi.

#14 Mdadisi_wa_Vipimo
Kijana, kundi la risasi ngapi?

#15 Kijana_wa_Lenzi
Tatu.

#16 Mdadisi_wa_Vipimo
Basi ubishi ndio unaanza. Risasi tatu haziwezi kukwambia kitu. Piga makundi kumi ya tatu-tatu kwa risasi ileile, utaona moja la sentimita 1 na jingine la 4, bunduki haijabadilika, baruti haijabadilika. Anayepiga matatu, akapata dogo, akaliweka picha, amepiga picha bahati. Piga 20 kwenye karatasi moja, za kiwandani, kisha 20 zako. Ukiona tofauti hapo nitakuamini. Siku hizi risasi za kiwandani za mashindano ni nzuri kuliko wengi wetu tunavyoweza kushika bunduki.

#17 Kijana_wa_Lenzi
Sawa, nitapiga 20. Lakini na kipima kasi kilinionyesha. Za kiwandani za bei nafuu zilipishana kasi mpaka mita 30 kwa sekunde kati ya ya polepole na ya haraka. Zangu hazikufika 10. Mita 100 huoni kitu, nenda 600 uone ile ya polepole inavyodondoka chini ya shabaha.

#18 Mdadisi_wa_Vipimo
Hilo la kasi nalikubali. Kwa mita 600. Kasiba amesema 300.

#19 Marisau12
Na sisi wa marisau? Maganda yangu ni ya plastiki, kaliba 12.

#20 FundiVyuma
Marisau yanajazwa na mashine zake zipo, ila risasi nyepesi za kaliba 12 za kulengea visahani ni nafuu sana madukani, mara nyingi hutoki na kitu. Wanaofaidika ni wa kaliba ndogo zisizopendwa, 28 na .410, ambazo kiwandani zinauzwa ghali ingawa zina marisau na baruti kidogo. Na kwa asiyejua, hiyo 12 maana yake ukiigawa ratili moja ya madini ya risasi kuwa tufe 12 zilizo sawa, tufe moja ndiyo upana wa mtutu wako. Ndiyo maana namba ikipanda mtutu unapungua.

#21 Marisau12
Miaka yote hii nimeishika na sikujua! Ahsante.

#22 Mlinzi_wa_Uwanja
Nimesoma yote na hakuna aliyetaja kosa. Mimi nasimamia uwanja wa shabaha. Niwasimulie la kwangu, maana lilinipata mimi mwenyewe kabla sijapewa kazi hii.

Nilikuwa najaza za bastola usiku. Simu ikaita, nikasimama. Niliporudi nikaendelea pale nilipodhani nimeachia. Uwanjani kesho yake, risasi ya tisa au ya kumi, badala ya mshindo nikasikia kitu kama mtu anapuliza mshumaa. Pff. Bastola haikuruka mkononi. Kidole kilikuwa tayari kinavuta tena, na mzee aliyekuwa kushoto kwangu akashika mkono wangu na kusema SIMAMA kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo. Tukaifungua, tukaingiza kijiti cha shaba, kikagota katikati ya mtutu. Ganda lile lilikuwa na fataki bila baruti. Fataki peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa nusu ya njia. Ile ninayofuata kuipiga ilikuwa na dozi kamili, na ingekikuta kizibo.

Huyo ni ndugu wa kosa jingine, la dozi mbili ganda moja. Bastola nyingi hutumia baruti ya moto wa haraka na dozi ndogo, ganda linaweza kumeza mbili na usijue kwa macho. Tangu siku ile natumia baruti nyepesi yenye kujaa, ambayo dozi mbili zinafurika mezani, na maganda yote yanakaa kwenye trei naangaza kwa tochi kabla kichwa hakijawekwa. Simu inabaki chumba kingine.

Anayeniuliza kama ajaze au anunue, namuuliza kwanza: una meza ambayo hakuna atakayekuita ukiwa hapo?

#23 BintiShabaha
Kaka Mlinzi pole, na asante kwa kusema wazi. Niongeze: chupa moja tu ya baruti mezani. Baruti ya bastola na ya raifo zinaweza kufanana kabisa kwa macho, vipande vidogo vyeusi-kijivu. Ya haraka ikiingia kwenye dozi ya polepole, bunduki inapasuka.

#24 Nungunungu
Ndiyo maana nasema nunueni. Kiwanda kina mashine inayopima kila risasi.

#25 Mlinzi_wa_Uwanja
Nungunungu, viwanda navyo hurudisha bidhaa zilizokosewa, matangazo hutoka. Nimeshaona ya kiwandani iliyotiwa fataki kichwa chini. Tofauti ni kwamba kiwanda kikikosea una wa kumwandikia. Na watengenezaji wengi wa bunduki wanaandika ndani ya kijitabu kwamba ukitumia risasi zilizojazwa upya dhamana imekwisha. Mtu alisome hilo kabla ya kununua presi.

#26 Kasiba_Ndefu
Nimetoka kukisoma changu. Kimeandika hivyohivyo.

Kabla hatujaenda mbali, nina jambo lililonitia shaka na kujaza. Rafiki yangu ana .308 kama yangu. Maganda yake yanapasuka shingo baada ya kujazwa mara nne. Mstari mwembamba, kama unywele, kutoka mdomoni kushuka chini. Kama ganda ni mara 4 na si 8, hesabu yangu inazidi kufa. Kwa nini yanapasuka?

#27 FundiVyuma
Maganda yetu ni ya shaba nyeupe, na shaba nyeupe hukakamaa kila inapokunjwa. Risasi ikipigwa shingo inatanuka, ukilirudisha kwenye kalibu inabanwa, kisha ile tufe ya kutanulia inaivuta kutoka ndani. Kupanuka, kubanwa, kuvutwa, kila mzunguko. Chukua waya wa shaba uukunje na kuukunjua, ni hivyohivyo. Dawa yake ni kuilainisha shingo kwa moto: unaizungusha shingo kwenye mwali sekunde chache na kuiacha ipoe. Shingo na bega (pale ganda linapoanza kubana kuelekea shingo) tu. Kitako kisiguswe na moto kabisa, kwa sababu kitako kikilainika hakuna kitakachozuia gesi kurudi usoni kwako.

#28 MzeeGobori
Mimi nasema ni chemba. Bunduki zetu za zamani za jeshi zilichongwa chemba pana ili risasi iingie hata na matope. Ganda linatanuka sana ndani, halafu mtu anarudisha ganda zima kwa kalibu mpaka mwisho. Ya .303 inakaa kwa ukingo wa kitako, bega halina kazi, kwa hiyo mimi narudisha shingo tu na bega naliacha lilivyojifinyanga. Maganda yangu yamefika mara 9.

#29 FundiVyuma
Mzee, chemba pana na kurudisha kupita kiasi hukata ganda chini, juu kidogo ya kitako, siyo shingoni. Rafiki wa Kasiba kapasuka shingo.

#30 MzeeGobori
Umenishika. Lakini ayatazame na huko chini.

#31 Mdadisi_wa_Vipimo
Sababu ya tatu, kabla hatujahukumu: anasafishia nini? Karne ya 19 jeshi la Uingereza lililokuwa India lilikuta maganda ya risasi zake yanafanya nyufa yenyewe ghalani, hayajapigwa. Zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mabanda ya farasi wakati wa masika. Mkojo wa farasi unatoa amonia, amonia na unyevu vinakula shaba nyeupe iliyo na mkazo ndani, na inapasuka kwa mistari. Maelezo kamili ya kitaalamu yalitoka mwaka 1921. Baadhi ya dawa za kung'arishia shaba zina amonia. Kama rafiki yako anapenda maganda yang'ae kama dhahabu, hapo pana swali.

#32 Kijana_wa_Lenzi
Au ni maganda ya jeshi yaliyookotwa. Ya 7.62 ya NATO mengi yana ukuta mnene kuliko ya .308 ya kiraia, nafasi ya ndani ni ndogo, dozi ileile inatoa shinikizo kubwa zaidi. Na fataki zake zimebanwa ukingoni, lazima ukwangue kishimo kabla ya kutia mpya.

#33 Nungunungu
Ganda moja, sababu nne, na watu wanataka kulirudisha karibu na jicho.

#34 BintiShabaha
Sababu nne ndizo zinazotufanya tutazame kila ganda kaka Nungunungu. Anayenunua hatazami hata moja.

#35 Marisau12
Na za .22 mbona hamzitaji? Nina maelfu ya maganda.

#36 FundiVyuma
Za .22 ndogo fataki yake imepakwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini inapopiga ukingo unaharibika. Sahau. Hata maganda ya chuma na ya alumini achana nayo, chuma hakirudi vizuri kwenye umbo na alumini hupasuka. Tafuta shaba nyeupe, na ndani uone tundu moja la katikati. Hilo ni la mfumo wa fataki wa Boxer. Ukiona matundu mawili madogo pembeni ni la Berdan, na pini ya kusukumia fataki itakatika.

#37 Kijana_wa_Lenzi
Kwa hiyo za Uingereza ni rahisi, maana Boxer alikuwa Mwingereza.

#38 FundiVyuma
Hapana, na hapo watu wengi huteleza. Boxer alikuwa ofisa wa Uingereza lakini mfumo wake ulitawala Marekani. Berdan alikuwa Mmarekani na mfumo wake ukashika Ulaya. Wote miaka ya 1860. Angalia tundu, usiangalie nchi.

#39 Mama_Mjazaji
Nimechelewa kuingia. Niongelee sumu, maana ilinipata. Fataki nyingi zina kiungo chenye risasi, yaani madini ya risasi yenyewe, na vumbi lake linabaki ndani ya ganda lililopigwa. Nilikuwa nasafisha maganda kavukavu kwenye pipa la kuzungusha lenye maganda ya nafaka yaliyosagwa, ndani ya stoo isiyo na dirisha, halafu namimina na vumbi linapanda. Juu ya hapo nilikuwa nayeyusha risasi kumimina vichwa vyangu. Miezi minane baadaye daktari alinipima damu kwa ajili ya uchovu usioisha na maumivu ya tumbo. Kiwango kilikuwa juu kiasi kwamba aliniuliza kama nafanya kazi kiwanda cha betri.

Nilihamia kusafisha kwa maji na sabuni, dirisha wazi, glavu, nguo za stoo haziingii ndani, na sili wala sinywi pale. Kiwango kilishuka, kilichukua zaidi ya mwaka. Mwenye mtoto anayetambaa ndani ya nyumba, tafadhali, afikirie hili kabla ya bei ya fataki.

#40 Mlinzi_wa_Uwanja
Mama, ujumbe huu ulistahili uzi wake. Pole sana.

#41 Kasiba_Ndefu
Pole Mama. Nina mtoto wa miaka miwili. Nimesimama hapa kidogo.

#42 Mdadisi_wa_Vipimo
Fataki zisizo na risasi zipo, lakini ni chache madukani. Na baruti iache kwenye chupa yake ya asili, pakavu, pasipo joto. Usiihamishie kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa nguvu. Moto ukishika, sanduku linageuka bomu. Ukifungua chupa ukakuta harufu kali ya asidi au moshi wa rangi ya kutu, hiyo imeoza, itoe nyumbani kwa utaratibu wa kwenu.

#43 Mpita_Njia
Baruti isiyo na moshi si ndiyo aliyoigundua Nobel?

#44 Mdadisi_wa_Vipimo
Ya Nobel ilikuja 1887. Mfaransa Paul Vieille alitangulia, 1884, na raifo ya Lebel ya 1886 ikawa ya kwanza ya jeshi kuitumia.

#45 Mpita_Njia
Asante kwa kunisahihisha.

#46 FundiVyuma
Turudi kwa ganda. Kasiba, mwambie rafiki yako achukue waya mgumu, aukunje ncha kama ndoano ndogo sana. Auingize ndani ya ganda mpaka chini, aegemeze ncha ukutani, auvute juu taratibu. Ganda zima linateleza kama kioo. Lililochoka, ncha itatumbukia kwenye kijifereji karibu na kitako, utausikia mkono unakwama kidogo. Kwa nje saa nyingine kuna mduara unaong'aa kuzunguka ganda pale pale. Likikwama, libonde kwa koleo lisipigwe tena na mtu yeyote.

#47 Kasiba_Ndefu
Nimefanya jana jioni pamoja naye. Alikuwa na maganda 40. Waya ulikwama kwenye matatu. Shingo zilizopasuka ni 11, na katika yale matatu ni moja tu lililopasuka na shingo. Maandishi ya vitako ni ya aina tatu tofauti, mbili za kiraia na moja ya jeshi, na yaliyopasuka yametoka kwa zote tatu.

#48 MzeeGobori
Matatu! Chemba nilisema.

#49 FundiVyuma
Na 11 ni kukakamaa, nilisema.

#50 Kijana_wa_Lenzi
Na ya jeshi yamo!

#51 Mdadisi_wa_Vipimo
Zote tatu zimepasuka, Kijana, kwa hiyo kiwanda kimoja hakiwezi kubeba lawama. Kasiba, hujatujibu. Alisafisha kwa nini?

#52 Kasiba_Ndefu
Nilimuuliza. Kwa maji, sabuni, na "kadawa" fulani alichopewa na jirani, kwenye chupa isiyo na karatasi. Ameahidi kuniletea Jumapili tuinuse.

#53 Mama_Mjazaji
Msiinusie ndani ya nyumba.